Madaftari Mawili, Deni Moja

Huku Kisauni mwenye duka ana daftari kubwa la madeni, na mteja ana lake dogo. Ukikopa unga na mafuta, inaandikwa kote kuwili. Kesi inaanza mwisho wa mwezi, kubwa likisema 850 na dogo 650.

Watu wa programu wanalijua tatizo hili. Mwaka 2005 Benjamin Pierce wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania na wenzake walichapisha kazi kuhusu "lenzi": njia ya kutoa nakala ndogo kwenye data kubwa, kisha kurudisha mabadiliko yalikotoka. Sheria kuu ni mbili. Usipogusa nakala, asili isibadilike. Ukiigusa, ulichoandika kibaki vile ulivyokiandika.

Hiyo ya pili naipenda, maana inampa mwenye nakala ndogo sauti. Lakini pande zote mbili zikiandikwa kwa mpigo na zigongane, hesabu haikwambii nani aaminiwe. Lazima mtu aamue, na akiamua kubwa lishinde daima, uamuzi wake unaingia kwenye programu na kubadilishwa jina. Sasa unaambiwa "mfumo umekataa", kama vile mfumo ulijizaa.

Kulingana si ukweli. Futa 650 uandike 850, madaftari yatapatana, na pengine mtu ameibiwa. Mfumo wa haki ungeacha tofauti ionekane, mpaka wawili wakae kwenye benchi la duka waulizane: ile Jumanne, ni nani alitumwa mafuta?