Ndege Anapungukiwa Nini?

Wako watu wanaoamini kwamba kutazama si kitendo. Kuiba ni kitendo, kupiga ni kitendo, hata kusengenya ni kitendo maana mdomo umefanya kazi. Lakini kutazama? Ati hapo mtu hajafanya chochote, amekaa tu na macho yake aliyopewa na Mungu. Imani hiyo mimi naipinga, na shahidi wangu ni ndege.

Sisi wa Mzumbe hatuko mbali na mbuga. Ukifika Sangasanga unaikamata barabara kuu ya Iringa, unapita Doma, na kabla hujachoka kukaa umeshaingia Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1964, na barabara hiyo hiyo inaipasua kwa kiasi cha kilometa 50. Madereva wa malori na abiria wa mabasi ya Mbeya wanapita humo wakitafuna mahindi ya kuchoma huku twiga wanawatazama. Kwa hiyo mnyama kwetu si ajabu sana. Ndege ndiyo kabisa! Mikumi ina aina zaidi ya 400 za ndege, lakini nani anahangaika nao? Watu wanalipa kiingilio waone simba. Ndege anapigwa picha kwa kuwa simba hajaonekana bado.

Nataka kumzungumzia mpiga picha wa namna hiyo, yaani mtu wa kupita tu, asiye mtaalamu, mwenye simu mkononi na nusu saa ya kupoteza. Nilikuwa garini na vijana wa aina hiyo kama kumi hivi, gari la kukodi. Kwenye uwanda wa Mkata, pembeni ya njia ya vumbi, akatokea ndege mdogo wa rangi ya udongo, anakimbia huku anaburuta bawa moja kama limevunjika. Anakwenda hatua chache, anaanguka, anainuka, anaburuta tena. Gari zima likacheka. Simu zote zikatoka.

Dereva hakucheka. Akasema, "Huyo hajaumia. Ana mayai hapo karibu, anawadanganya mumfuate yeye. Twendeni."

"Kaka subiri kwanza, bado moja!"

Zikapigwa nyingi. Kabla hatujatoka getini picha ilikuwa imeshasambaa kwenye simu zetu, na mtu ameandika chini yake: "Ndege mcheza dansi."

Hebu tulitazame jambo hilo taratibu. Baadhi ya ndege wanaotaga chini, kwenye udongo mtupu, wana ujanja huo: adui akikaribia, mzazi anajifanya kilema ili avutie macho kwake, na adui akishasogea mbali na mayai, kilema anaruka mzima kabisa. Tulichokiita dansi kilikuwa ni uongo wa mzazi anayeokoa wanawe. Na saa ile jua lilikuwa la utosi. Yai lililoachwa wazi kwenye jua la Mkata halihitaji kuguswa na mtu ili liharibike, linahitaji tu kukosa kivuli cha mzazi. Hakuna kati yetu aliyemrushia ndege yule jiwe. Hakuna hata aliyeshuka garini. Na bado kila "moja tena" yetu ilikuwa inalipwa na yule aliyekuwa nje.

Rafiki yangu mmoja, mbishi wa kuzaliwa, aliposikia haya alinijia juu. "We bwana, ndege anapungukiwa nini akipigwa picha? Kuku unamla, halafu huyu unamlilia kwa sababu ya simu!"

Hoja yake si ya kupuuza. Kuna wakati ambapo kumjua ndege kulikuwa ndiyo kumuua. Juu yetu hapa, kwenye milima ya Uluguru, yuko chozi ambaye hapatikani penginepo duniani. Mwaka 1922 vitabu vya wataalamu vilimpa jina la Arthur Loveridge, mzaliwa wa Uingereza aliyekuwa akikusanya viumbe wa Tanganyika. Kukusanya maana yake ilikuwa bunduki, kisu, pamba ya kujazia ngozi, na droo ya makumbusho ng'ambo. Mwaka 1938 ndege mwingine wa milima hii akaandikwa vitabuni na Reginald Moreau, ambaye alimpa jina la mkewe, Winifred. (Jina ambalo bibi zetu wa Kiluguru walimwitia wakati wakiokota kuni chini yake halikuingia katika jina hilo la kitaalamu, lakini hayo ni makala mengine.) Ukiiweka kamera kando ya bunduki, basi kamera ni malaika. Hapo rafiki yangu ameshinda.

Ila malaika huyo ana historia yake. Mjerumani Carl Georg Schillings, aliyepiga picha za wanyama huku kwetu enzi za utawala wa Wajerumani, alitoa kitabu chake mwaka 1905, na jina la kitabu lenyewe linataja mwanga wa kamera na bunduki kwa pamoja. Ili ampate simba usiku, alifunga punda au ng'ombe hai mbele ya kamera. Simba alikuja kula, mwanga ukalipuka, picha ikapatikana. Picha zile zilisifiwa sana Ulaya. Punda hakusifiwa. Sisi nasi tunasema tunapiga bunduki na tunapiga picha, ingawa Kiswahili kinapiga pia pasi, simu na mswaki, kwa hiyo neno hilo sitalivuta kupita kiasi.

Siku hizi chambo si punda, ni sauti. Katika misitu ya juu yako ndege wanaosikika kuliko wanavyoonekana. Mmoja, ambaye naye ni wa Uluguru peke yake, ana kofia nyeusi, mgongo wa kijani na tumbo la njano, na anapenda kukaa huko juu kabisa kwenye majani. Ndege wa namna hiyo ukitaka umwone haraka, unafungua simu unacheza sauti ya dume wa aina yake. Mwenyewe anaacha kula, anashuka mbio kumfukuza mvamizi ambaye hayupo. Unampiga picha, unaondoka. Akija mgeni mwingine kesho, vita vinaanza upya. Hebu fikiria mtu asimame nje ya dirisha lako usiku, aigize sauti ya mwanamume anayemwita mkeo, ili ukitoka na panga akupige picha. Utamwambia hujapungukiwa na kitu?

"Sawa," akasema mbishi wangu, "mbona husemi habari za watoto wenye manati?"

Nasema. Nimewatazama sana watoto wanaoamia mpunga huku Morogoro. Mtoto anaamka giza, anashinda shambani na kombeo na debe bovu la kugonga, maana kweleakwelea wakitua kwa maelfu yao, jasho la mama yake la msimu mzima linakwisha. Mtoto yule anajua ndege wanatua saa ngapi, wanatokea upande gani, wanaogopa nini na wameshazoea nini. Anawarushia mawe, ndiyo. Lakini kati yake na ndege kuna hesabu ya kweli: huyu ana njaa na yule ana njaa, na mpunga ni mmoja. Hata mwenye manati anayetafuta kitoweo, ndege aliyemwangusha ataliwa. Sisi tuliokuwa garini hatukuwa na njaa wala shamba. Tulimtoza ndege kidogo sana, nakubali, ila tulimtoza kwa ajili ya kitu ambacho wiki ijayo kitafutwa ili simu ipate nafasi. Wengi wataona kosa la jiwe ni kubwa kuliko la picha. Kwa kipimo cha maumivu, ni kweli. Kwa kipimo cha heshima, mimi namweka mtoto wa kuamia juu yetu.

Isieleweke kwamba nataka kamera zifungiwe kabatini. Msitu wa Uluguru ulitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2008, na maji yanayotiririka humo yanaingia Mto Ruvu, mto ambao Dar es Salaam inaunywa. Kijana wa Kariakoo au Sinza atauteteaje msitu asioujua, na ndege ambaye hata sura yake hajaiona? Picha inaweza kumfikishia. Tena wako wapiga picha wanaokaa chini ya mti mmoja tangu alfajiri, kimya, mbali, mpaka ndege anasahau kuwa wapo. Kipimo changu ni cha kienyeji tu: ndege akiacha alichokuwa anafanya kwa sababu yako, umeingia kwake bila hodi.

Na sisi tunaotaka kuwa waandishi, je? Tunakaa kwenye daladala tunasikiliza ugomvi wa watu. Tunasimama sokoni tunajifanya tunachagua nyanya. Hatuna simu mkononi, kwa hiyo tunajiona wasafi. Yuko mama mmoja anayeuza ndizi karibu na kwetu ambaye hucheka sana, tena kwa sauti, kila anapomtaja mume aliyeondoka. Ni kicheko cha ajabu, na kimo kwenye daftari langu, neno kwa neno, hata namna anavyopiga makofi. Tangu Mikumi najiuliza kama kicheko kile nacho si bawa la kuburutwa, limewekwa pale ili wateja tusitazame upande wa pili, kwenye kile anachokiatamia.

Rafiki yangu haoni tatizo. "Badilisha jina, mfanye auze machungwa. Atajuaje?"

Hatajua, ni kweli. Sidhani kama yule ndege alijua kuwa amepigwa picha. Sura ya tatu ya riwaya yangu inamhitaji mama huyu, na bila yeye haiendi, nimejaribu. Wiki hii nimenunua ndizi kwake mara nne. Mara tatu alicheka. Mara ya nne hapakuwa na mteja mwingine, hakucheka, akaniuliza kama nyumbani kwetu wanakula ndizi tu.