Nusu ya Shari

Tarehe 9 Agosti 2022 niliingia kibandani na karatasi sita mkononi. Tano nilizipiga alama kama mtu mwenye akili timamu: gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge, mwakilishi wadi. Ile ya rais niliichora mstari mmoja mrefu kutoka juu hadi chini, ukapita juu ya nyuso zote nne, nikaikunja vizuri na kuitumbukiza debeni. Nikatoka nje nikijihisi mtu safi. Kusema kweli nilijihisi zaidi ya safi. Nilijiona kama mhusika mkuu wa riwaya, yule anayekataa pale wenzake wote wanapokubali.

Jioni nikampigia simu shangazi yangu. Shangazi analima mahindi Trans Nzoia, shamba si kubwa, na siasa anazifuata kwa redio kuliko mimi ninavyozifuata kwa simu. Nikamweleza nilichofanya, tena kwa majivuno kidogo. Akanyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika. Halafu akasema, "Kwa hivyo umetuachia sisi."

"Nimewaachia nini, shangazi?"

"Kazi ya kuchagua. Sisi tujipake matope, wewe ubaki mzuri."

Niliudhika. Nilimwambia hilo si jambo la uzuri, ni jambo la dhamiri. Akacheka, akaniambia nilale salama. Tangu siku ile maneno yake yamenikwama kooni kama mwiba wa samaki: ukimeza unachoma, ukikohoa hautoki.

Wasiokumbuka hali ilivyokuwa wakati ule, hii hapa kwa ufupi. Wagombea walikuwa wanne lakini wenye nafasi ya kweli walikuwa wawili. William Ruto alikuwa amekaa Naibu wa Rais miaka karibu kumi, na bado akifanya kampeni kama mtu aliyekuwa nje ya serikali. Raila Odinga, mpinzani wa miongo mingi, sasa alikuja akiungwa mkono na rais yule yule aliyepingana naye mpaka ile handisheki ya Machi 2018. Wagombea wengine wawili kwa pamoja hawakufikisha hata asilimia 1 ya kura, na mmoja wao alikuwa akituahidi bangi na ufugaji wa nyoka. Kwangu mimi wale wawili wakubwa walikuwa watu wa nyumba moja wanaogombania kiti cha sebuleni. Nikasema wote sawa. Hilo neno "wote sawa" nitalirudia, maana ndilo lililonipoteza, kama kweli nilipotea.

Kwanza lakini tuangalie lugha, kwa kuwa blogu hii ni ya watu wanaopenda maneno. Waswahili hawakungoja wanasiasa wa leo ndipo waanze kulifikiria swali hili. Methali ipo na kila mtoto wa shule ameiandikia insha: heri nusu shari kuliko shari kamili. Nimeisikia mara elfu lakini nilipoketi kuisoma polepole ilinishtua. Neno lake la kwanza ni heri. Heri na shari ni maneno mawili tunayoyapambanisha tangu zamani, kama mchana na usiku. Tunaombeana heri, tunajikinga na shari. Sasa methali hii inachukua nusu ya shari na kuiita heri! Bila shaka "heri" hapa ina maana ya "afadhali" tu, mwalimu yeyote atakuambia hivyo. Lakini sikio linasikia yote mawili, na nadhani hatari yote ya jambo hili imejificha katika hilo neno moja. Unaanza kwa kusema afadhali hii. Ukizoea unasema hii si mbaya. Kabla hujageuka umeshaivalia kofia na fulana.

Nyingine ni ile ya zimwi likujualo, halikuli likakwisha. Watu huitumia kumtetea kiongozi wa zamani dhidi ya mgeni asiyejulikana. Hebu isikilizeni tena. Haisemi kwamba zimwi halikuli. Linakula, ila halikumalizi. Sijui aliyeitunga alikuwa akicheka au akilia, lakini hakuwa akitudanganya. Wanaodanganya ni wale wanaoitaja jukwaani wakiacha mdomo wa zimwi nje ya hadithi.

Hannah Arendt, mwanafalsafa aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler, aliligusa jambo hili katika insha yake ya 1964 kuhusu wajibu wa mtu mmoja mmoja chini ya udikteta. Aliwatazama wale waliobaki vyeoni wakidai kwamba wanazuia mabaya makubwa zaidi, na akaona kwamba anayechagua shari ndogo husahau upesi mno kwamba alichochagua ni shari. Niliposoma hapo nilifurahi kama mtu aliyepata wakili. Nikataka kumtumia shangazi. Kisha nikakumbuka kwamba Arendt alikuwa akizungumzia watu walioshika kalamu na mihuri ya utawala wa mauaji, wala si mama aliyepanga foleni saa kumi na moja asubuhi na kitambulisho chake kwenye leso. Si haki kumvisha shangazi viatu vya afisa.

Wakili wangu wa pili alikuwa W.E.B. Du Bois. Mwaka 1956, Marekani ikielekea kuchagua kati ya Eisenhower na Stevenson, Du Bois alitangaza katika jarida la The Nation kwamba hatapiga kura, maana vyama viwili vile kwake vilikuwa uovu mmoja wenye majina mawili. Basi, nikasema, mnaona? Tatizo ni kwamba nilikuwa nimeisoma nusu ya habari. Du Bois alikuwa na umri wa miaka 88. Alikuwa ameshamuunga mkono Woodrow Wilson mwaka 1912, akitumaini kidogo kuliko hakuna, kisha serikali ya Wilson ikaja kuwatenga wafanyakazi weusi katika ofisi zake yenyewe. Yaani mzee yule alifika kwenye kukataa kwake kwa kutembea, tena safari ndefu, akilipa nauli kila kituo. Mimi nilifika kwa dakika nne nikiwa na kalamu ya watu.

Na upande wa pili wa mizani kuna Louisiana, 1991. Kura ya ugavana ilibaki na wawili. Mmoja ni Edwin Edwards, gavana wa zamani aliyeandamwa na tuhuma za rushwa miaka nenda miaka rudi. Mwingine ni David Duke, aliyewahi kuwa kiongozi wa Ku Klux Klan. Watu walibandika kwenye magari yao maneno ya kuwahimiza wenzao wampigie kura mwizi kwa kuwa ni muhimu. Sio utani, au ni utani wenye meno. Edwards alishinda kwa takriban asilimia 61. Miaka kadhaa baadaye alitiwa hatiani na kufungwa gerezani, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema wapiga kura walidanganywa: walichagua mwizi na wakajua wanachagua nini. Sasa mwambie mtu mweusi wa New Orleans kwamba wale wawili walikuwa sawa. Mwambie uso kwa uso.

Hapo ndipo "wote sawa" yangu ilipoanza kutikisika. Sawa kwa nani? Tunazungumza juu ya shari ndogo na shari kubwa kana kwamba ni magunia yanayopimwa kwenye mizani moja sokoni, kila mtu akaona kilo zile zile. Lakini nusu haigawanywi hivyo. Mimi nina mshahara na bima. Akiingia huyu au yule, kodi itanipiga, nitalalamika, nitaendelea kunywa chai. Kwangu tofauti kati yao ilikuwa ndogo kweli, sikuwa nikidanganya. Nilichokosea ni kudhani kwamba kipimo changu ndicho kipimo cha nchi nzima.

Shangazi alikuwa akiangalia kitu kimoja: mbolea. Mwaka ule mfuko wa kilo 50 ulikuwa umepita shilingi 6,000 na yeye alikuwa amepanda kwa kupimia kijiko kama anatia chumvi. Aliyempigia kura hakumpenda, aliniambia wazi. Alimwita jina ambalo sitaliandika hapa. Lakini aliamini huyo atashusha bei na mwenzake hatashusha. Septemba 2022 mfuko ukauzwa 3,500 kwa bei ya ruzuku, na mwaka uliofuata 2,500. Ukitaka kujua tofauti kati ya nusu shari na shari kamili kwa mkulima mdogo, ni hiyo hapo, ina tarakimu, inabebwa na boda boda mpaka langoni.

Najua mtakaloniambia. Mtaniambia habari za mbolea ghushi zilizoitikisa nchi mapema 2024, na kodi zilizorundikwa. Mko sahihi. Ndiyo maana inaitwa nusu shari na wala haiitwi nusu neema. Mtaniambia pia kwamba kwa mantiki hii tutachagua nusu milele, na kwamba wanasiasa, wakishajua tutawachagua kwa kuogopa mwenzao, hawana haja tena ya kuwa wazuri, mradi tu wapate mpinzani mbaya zaidi. Hoja hii naiheshimu kuliko zote, na sina jibu la kuivunja. Ufaransa, mwaka 2002, watu wa mrengo wa kushoto walimpigia Jacques Chirac kura ili kumzuia Jean-Marie Le Pen, wengine wakisema wataziba pua kwa kibanio cha nguo. Chirac akapata zaidi ya asilimia 82. Le Pen hakufika asilimia 18. Miaka 20 baadaye binti yake, katika raundi ya pili dhidi ya Emmanuel Macron, alipata zaidi ya asilimia 41. Ukuta uliosimamishwa na hofu ulishika, lakini maji nyuma yake hayakuacha kupanda.

Kwa hiyo yapo mazingira ya kukataa, na sitamcheka anayekataa. Kama wewe ndiwe unayekatwa na visu vyote viwili kwa kina kile kile, una haki ya kutochagua kisu. Nchi ikipanga uchaguzi ambao matokeo yake yameshaandikwa, kukaa nyumbani nako ni kusema kitu. Ila kukataa kunahitaji kusikika. Kura yangu iliyoharibika ilisema nini? Mahakama ya Juu ilishaamua mwaka 2013 kwamba kura zilizokataliwa hazihesabiwi katika kutafuta asilimia. Mwaka 2022 zilikuwa zaidi ya laki moja, na mstari wangu wa kishujaa umelala humo pamoja na alama za mzee aliyetetemeka mkono na za kijana aliyechanganya masanduku. Hakuna atakayewahi kututofautisha. Wahindi tangu 2013 wana kitufe cha kusema "hakuna hata mmoja kati ya hawa", na hata huko, kikipata kura nyingi kuliko wote, mgombea anayefuata ndiye anayeapishwa. Ishara tu. Lakini angalau inahesabiwa.

Tarehe 25 Juni 2024, vijana walipoingia bungeni kuupinga Mswada wa Fedha na risasi zikalia, mtu wa kwanza kunipigia alikuwa shangazi. Alikuwa analia kwa hasira. Kesho yake rais alipotangaza kwamba hatausaini mswada, akanipigia tena. Nilifikiri atakuwa anajuta, nikajiandaa kumfariji kwa ule upole unaoudhi wa mtu aliyeonekana kuwa sahihi. Hakujuta.

"Mimi namdai," alisema. "Nilimpa kura kwa mbolea, sikumpa watoto. Wewe unamdai nini?"

Nilimjibu kwamba nalipa kodi, na kwamba raia anadai hata kama hakupiga kura. Bado naamini hivyo. Lakini nilielewa tofauti kati yetu wawili, na haikuwa ile niliyoidhania. Katika miaka miwili yote sikuwahi kumsikia shangazi akimsifu yule mtu. Mbolea ilipofika alisema imefika, basi. Wapo marafiki zangu waliompigia, na wapo waliompigia mwenzake, ambao kufikia Desemba walikuwa wameshageuka wasemaji wa bure: kila kosa lina sababu, kila sababu ina adui nyuma yake. Walishindwa kuishi na wazo kwamba walichagua kibaya, wakaamua kukipaka sukari. Shangazi alikichagua akijua ni kibaya na akaendelea kukiita kibaya kila siku, na kumbe hilo ni kazi. Ni kazi kubwa kuliko ya kibandani. Mimi niliikwepa zote mbili: sikuchagua, na baada ya kutochagua nikajiona nimemaliza.

Sina uhakika nitafanya nini uchaguzi ujao, Agosti 2027. Inawezekana wale watakaobaki wawili watakuwa wabaya kiasi kwamba mkono wangu utakataa tena, na safari hii kwa haki. Wiki iliyopita shangazi aliniuliza kama bado nimesajiliwa kituo kile kile. Nikamwambia ndiyo.

"Basi kabla hujachora mstari wako, nipigie kwanza nikuambie huku kukoje."

Nikamwambia nitapiga.