Sahani Isiyorudi Tupu

Wahenga walisema kutoa ni moyo, si utajiri. Sina ugomvi nao. Ila hawakutuambia kupokea ni nini, na somo hilo mimi nililipata Ulyankulu, kwa sahani ya tambi.

Tabora iko mbali na bahari, lakini njia ya zamani ya misafara ilituachia miembe na mapishi ya pwani. Mama yangu alipika tambi za sukari kila Idi. Alizikaanga kwa samli mpaka zikawa kahawia, akatia maji kidogo, sukari, iliki na zabibu, kisha akamimina maziwa yaliyopigwa na mayai, akafunika na kupalia makaa juu ya mfuniko. Zikiiva, hukatwa vipande kama keki.

Nilipohamia Ulyankulu kufundisha, jirani yangu alikuwa bibi mmoja aliyekimbia Burundi mwaka 1972, mwaka ambao makazi yale yalianzishwa kwa ajili ya wakimbizi. Idi ya Januari 1999 nilimpelekea sahani ya tambi. Jioni akairudisha mwenyewe, imejaa maembe.

"Bibi, usijisumbue," nikamwambia. "Kula wewe na wajukuu."

"Haya, mwalimu," akajibu, akaondoka na maembe yake. Nililala nikijiona mtu mwema.

Idi iliyofuata, Januari 2000, nilipeleka tena. Safari hii sahani ililetwa na mtoto. Ilikuwa imeoshwa ikang'aa, na ilikuwa tupu.

Sisi tumelelewa kwamba sahani ya jirani hairudi tupu, hata kama ni kwa chumvi kidogo. Ile ilirudi tupu kwa sababu mimi ndiye niliyekataa ijazwe. Nilikuwa nimemwambia bibi yule, bila kutamka, kwamba kati yetu mimi ni mtoaji na yeye ni mhitaji, basi.

Msomaji ataniuliza: je, si kweli kwamba alikuwa na kidogo kuliko mimi? Huenda. Lakini mahindi niliyokula mwaka mzima niliyanunua kwa wakulima kama yeye. Na hata angekuwa na embe moja tu, uamuzi wa kulitoa ulikuwa wake, si wangu. Huruma inayomnyima mtu nafasi ya kutoa humpunguzia utu, ingawa humshibisha.

Nadhani ndiyo maana tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huona methali hiyo ni ya kumsimanga mgeni. Mimi sasa naiona ni ya kumheshimu: ukimpa jembe, umekubali kwamba na yeye ana cha kuleta.

Siku ileile nilikwenda kwake, nikabisha hodi. "Bibi, nina tambi nyingine jikoni, lakini sina embe." Alinitazama kwa muda, kisha akacheka, akamwita mjukuu apande mti. Nilikatakata maembe yale, nikayapanga juu ya tambi kabla ya kupalia makaa. Tukala pamoja.

Mwaka 2014 Tanzania ilianza kuwapa vyeti vya uraia watu wa 1972, zaidi ya laki moja na nusu. Nilifurahi mno. Lakini cheti hutolewa na serikali. Kumpokea mtu kama mwenzako ni kazi ya jirani, na mimi niliifanya kwa kuchelewa mwaka mzima.