Kipaji Ni Deni la Nani?

Ndugu msomaji, kuna swali ambalo sisi vijana tunaoandika hapa Bukoba hatuna pa kulikimbia. Kama umejaliwa kipaji, je, ni lazima watu wakione? Na ukikaa nacho kimya, umetenda kosa?

Wazee wetu wanalo jibu tayari. Wanakukumbusha yule mtumwa wa kwenye Injili aliyefukia talanta yake ardhini, na yaliyompata. Mimi nimemaliza sekondari, riwaya yangu iko kwenye madaftari, na wachapishaji wengi wako Dar es Salaam. Nikienda nyumbani Muleba naulizwa, "Mwanangu, hicho kitabu tutakiona lini?" Kwa hiyo swali hili si la kupitishia wakati. Mtu anaweza kuitupa kalamu kwa sababu yake.

Hebu tulipime kwa maisha ya mpiga piano mmoja. Najua utasema, piano na Muleba wapi na wapi? Huku tumezoea kinanda cha kwaya, basi. Lakini huyu mama alitoka Afrika Mashariki hii hii, na alikuwa na kipaji ambacho hakuna aliyekibishia.

Anajulikana kama Emahoy Tsegué-Maryam Guèbrou. Alizaliwa Addis Ababa, Desemba 1923, katika familia ya wakubwa. Akiwa na miaka 6 alipelekwa shule Uswisi, na huko ndiko alikojifunza muziki wa Kizungu. Italia ilipoivamia Ethiopia, familia yake ilikamatwa mwaka 1937 na kupelekwa kisiwa cha Asinara. Baada ya Waitalia kushindwa, alikwenda Cairo kusoma kwa Alexander Kontorowicz, bingwa wa fidla kutoka Poland. Halafu ikaja nafasi ya kusoma London. Njia ya majukwaa makubwa ilikuwa inafunguka mbele yake.

Akanyimwa ruhusa. Alivunjika moyo mpaka akaugua. Alipoinuka hakutafuta mlango mwingine wa London. Alikwenda monasteri ya Gishen Mariam, huko milimani, akawa mtawa, akaishi kama miaka 10 akitembea peku. Mtaani kwetu wangesema kwisha kazi, talanta imefukiwa.

Je, ilifukiwa kweli? Aliposhuka mlimani alirudi kwenye piano, akapiga na kutunga. Katika miaka ya 1960 sahani yake ya kwanza ilitoka Ujerumani, na mapato akataka yasaidie yatima. Mwaka 1984 alihamia Jerusalem, akaishi katika chumba kidogo cha monasteri ya Waethiopia. Dunia ilimsikia hasa mwaka 2006, kazi zake zilipotolewa upya kwenye CD. Alikuwa na miaka 82! Mwaka 2013 nota zake zilichapishwa kitabuni, kutoka kwenye makaratasi aliyokuwa ameyarundika ndani ya mifuko ya plastiki. Alifariki Machi 2023, akiwa na miaka 99.

Sasa mtu atanipinga. Atasema, mbona hapa Buhaya mambo ni tofauti? Tazama mpiga enanga. Utendi wake uko kichwani na vidoleni. Hauna karatasi. Unaishi pale anapouimba mbele ya watu. Zamani aliuimba kwenye nyumba za Abakama, na utawala wa machifu ulipofutwa mwaka 1963, ukumbi ule nao ukaondoka. Mpiga enanga akikaa kimya mpaka kaburini, bila mwanafunzi, bila kurekodiwa, utendi umekwisha. Kimya chake kina hasara kwetu sote.

Nakubali. Na hapo ndipo naliona jibu. Kuwakatalia watu makofi ni haki ya msanii. Kuiacha kazi ipotee ni jambo jingine. Mtaalamu Mugyabuso Mulokozi alipowafuata wapiga enanga, akawarekodi na kuandika juu yao katika miaka ya 1980, hakuwaongezea kipaji. Aliwasaidia kulipa deni.

Maana deni lipo, tusidanganyane. Hakuna aliyejifunza peke yake. Emahoy alipewa na Kontorowicz, akapewa pia na nyimbo za kale za kanisa lake. Mimi nimepewa na bibi aliyenisimulia hadithi, na mwalimu aliyenisahihishia insha. Lakini ukumbi uliojaa watu haukunikopesha kitu. Kwa nini basi nijione mdaiwa wake? Deni letu ni kwa waliotufundisha na kwa watakaokuja. Hulipwa kwa kufanya kazi ikamilike, kuiandika vizuri, na kuiweka mahali ambapo mwingine ataiona.

Kwa hiyo, ndugu yangu mwenye madaftari pale Kashai au kule Kamachumu, usikubali kuambiwa umeshindwa eti kwa sababu hujachapishwa. Lakini usijifiche nyuma ya neno hilo ukaacha kuandika. Daftari tupu halilipi deni la mtu. Maliza sura ya mwisho, nakili kwa mwandiko unaosomeka, mpe mwenzako nakala moja aitunze.

Yule mtumwa wa Injili, kwa maoni yangu, kosa lake halikuwa kukosa watazamaji. Alikosea kwa kutoifanyia talanta kazi yoyote. Wewe wasemaje?