Watoto wa Pili wa Ayubu: Juu ya Kurejeshwa kwa Katuni ya Utotoni

Swali la iwapo kitu kilichopita kinaweza kurudi kikiwa kilekile limejadiliwa tangu zamani na wanafalsafa na wanazuoni wa dini, nao kwa kawaida wamelielekeza kwenye roho, miili na ufufuo, lakini katika miaka ya karibuni limejitokeza pia mahali pasipotarajiwa, yaani katika mifululizo ya katuni inayotengenezwa upya baada ya watoto walioitazama mara ya kwanza kuwa watu wazima. Kutengeneza upya kwa namna hii si kuendeleza, kwa sababu simulizi haianzii pale ilipokomea bali hurudishwa mwanzo kabisa, kwa wahusika walewale na majina yaleyale. Mfano ulio wazi ni DuckTales, mfululizo wa kampuni ya Disney ya Marekani ulioanza mwaka 1987, ukakoma mwaka 1990 baada ya vipindi 100, kisha ukarejeshwa kwenye runinga kuanzia mwaka 2017 hadi 2021. Mhusika wake mkuu ni Scrooge McDuck, bata tajiri na bahili aliyebuniwa na mchoraji Carl Barks mwaka 1947, ambaye anaachiwa kuwalea mapacha watatu, Huey, Dewey na Louie, wana wa dada yake Donald, naye Donald mwenyewe ni mpwa wa Scrooge.

Anayetafuta kilichobaki kutoka mfululizo wa kwanza hadi wa pili, akiangalia mali ghafi peke yake, hapati kitu kikubwa. Alan Young, aliyempa Scrooge sauti yake, alifariki mwaka 2016, na nafasi hiyo ikachukuliwa na David Tennant. Mapacha watatu, ambao hapo kwanza walisemewa wote na Russi Taylor na kutofautishwa hasa kwa rangi za mavazi, yaani nyekundu, buluu na kijani, sasa wana waigizaji watatu na tabia tatu zisizofanana. Michoro ni ya mtindo mwingine. Na hata wimbo wa ufunguzi alioutunga Mark Mueller unaimbwa na mtu mwingine. Hali hii inakumbusha merikebu ya Theseus, ambayo Plutarch alisimulia kuwa Waathene waliitunza kwa kubadilisha kila ubao uliooza, mpaka wanafalsafa wakagawanyika kuhusu kama ni ileile au siyo. Mwaka 1655 Thomas Hobbes alilizidishia swali hilo ugumu alipouliza itakuwaje iwapo mtu atazikusanya zile mbao kuukuu na kuunda nazo merikebu ya pili.

Nyongeza hii ya Hobbes ndiyo inayoihusu katuni zaidi, kwa kuwa mbao kuukuu za DuckTales hazikuoza. Vile vipindi 100 vipo, na anayetaka kuvitazama anaweza kuvitazama leo, kila neno na kila mchoro kama ulivyokuwa. Kwa hiyo kusema kwamba katuni hiyo imefufuliwa ni kusema jambo lisilo sahihi kabisa, maana kinachofufuliwa ni kilichokufa, na katuni haikufa. Aliyetoweka ni yule mtoto aliyekuwa akiitazama.

Imamu Ghazali, katika kitabu chake cha kuwajibu wanafalsafa kiitwacho Tahafut al-Falasifa, alilifikia jambo linalokaribiana na hili katika suala la 20, ambalo ndilo la mwisho, alipowapinga waliokana kwamba miili itafufuliwa. Miongoni mwa hoja zake ni kwamba nafsi inaweza kurudishwa katika mwili, uwe umetokana na mada ileile ya zamani au na mada nyingine, na mtu akabaki kuwa yeye, kwani hata katika maisha haya mwili hubadilika tangu utoto hadi uzee, hunenepa, hukonda na kujengwa upya kwa chakula, na hakuna anayesema kwamba mzee si yule aliyekuwa mtoto. Hoja hii ina nguvu kubwa, lakini inasimama juu ya sharti kwamba nafsi ipo na inajulikana kuwa ni ya nani. Anayetaka kuitumia kwa hadithi analazimika kwanza kueleza nafsi ya hadithi ni kitu gani.

Jibu jepesi ni kumbukumbu, na kwa upande wa mtu binafsi ndilo alilolitetea John Locke, aliyeona kwamba mtu ni yuleyule kadiri ufahamu wake unavyoweza kuyafikia matendo yake ya zamani. Kwa jibu hili, katuni mpya ingekuwa ileile kadiri inavyoamsha kumbukumbu ya ile ya kwanza. Ugumu wake unaonekana vizuri nchini Hungaria. Tarehe 12 Desemba 1993, DuckTales ilipokuwa ikirushwa kwenye televisheni ya nchi hiyo, kipindi kilikatizwa ghafla, muziki wa maombolezo wa Chopin ukapigwa, na taifa likatangaziwa kifo cha Waziri Mkuu József Antall. Watoto waliokuwa wakitazama wakati huo wamekuwa watu wazima, na rika lao limepewa jina la katuni hiyo, kwa sababu walikumbana na msiba wa taifa wakiwa mbele ya mabata hao. Kumbukumbu yao ya DuckTales ina kitu ambacho hakimo kabisa ndani ya DuckTales, na mtengenezaji yeyote wa Marekani, hata akiwa mwaminifu namna gani, hawezi kuwarudishia. Nao si watu wa pekee katika hili, bali kwao kimedhihirika waziwazi kile ambacho kwa wengine kimejificha, kwani kila mtoto aliitazama katuni akiwa katika nyumba fulani, pamoja na watu fulani, na sehemu kubwa ya anachokililia ni nyumba hiyo na watu hao.

Søren Kierkegaard aliliona kosa hili mapema. Katika kitabu chake cha mwaka 1843 kuhusu marudio, msimulizi wake anasafiri kwenda Berlin kwa mara ya pili, akijaribu kuipata tena furaha ya safari ya kwanza kwa kurudi mahali palepale na kwenda kwenye tamthilia zilezile, na jaribio lake linashindwa. Alitafuta marudio katika mambo ya nje. Kierkegaard alitenganisha kukumbuka, ambako ni kukirudia kitu kwa kutazama nyuma, na marudio ya kweli, ambayo huelekea mbele, na mfano wake mkubwa aliuchota kwa Ayubu.

Mfano huo unastahili kuangaliwa kwa makini kuliko unavyoangaliwa kwa kawaida. Kwa mujibu wa Biblia, Ayubu aliyekuwa na kondoo 7,000 alirudishiwa 14,000, na aliyekuwa na ngamia 3,000 alirudishiwa 6,000, lakini watoto wake, waliokuwa wana 7 na mabinti 3, hawakuzidishwa maradufu. Alipata tena wana 7 na mabinti 3. Qurani nayo inaeleza kwamba Nabii Ayubu alirejeshewa watu wake na wengine kama wao, na wafasiri wametofautiana, baadhi wakisema waliofariki walihuishwa, wengine wakisema alijaaliwa wengine duniani na atakutana na wa kwanza Akhera. Tofauti hii si ya maneno matupu. Kondoo aliyekufa hulipwa kwa kondoo mwingine na hesabu ikafungwa, ilhali mtoto wa pili hamlipi mtoto wa kwanza hata akiwa mzuri kumpita.

Kuna jambo jingine katika mwisho wa kitabu cha Ayubu ambalo wasomaji wengi hulipita haraka. Mabinti wa kwanza hawatajwi majina. Wa pili wanatajwa mmoja mmoja, Yemima, Kesia na Keren-hapuki, na baba yao anawapa urithi pamoja na ndugu zao wa kiume. Urejesho huu haudai kwamba mabinti hawa ndio wale, wala hauwafuti wale. Unachofanya ni kutenda katika awamu ya pili jambo ambalo awamu ya kwanza ilikuwa haijalitenda.

Kwa kipimo hiki, sehemu kubwa ya biashara ya kurejesha katuni ni hesabu ya kondoo, yaani jina lililouzika zamani huuzwa tena kwa matumaini ya faida maradufu, na mtazamaji anayelalamika kwamba ameuziwa kivuli ana haki ya kulalamika. DuckTales ya mwaka 2017 nayo ni bidhaa ya kampuni kubwa, lakini ilifanya jambo zaidi. Mfululizo wa kwanza ulieleza kwamba Donald amejiunga na jeshi la majini ndipo watoto wakaachwa kwa Scrooge, ila mama yao yuko wapi haukueleza. Kipindi cha kwanza cha mfululizo wa pili kinamwonyesha Dewey mbele ya mchoro wa Scrooge na Donald wakipambana na maharamia. Anaikunjua sehemu ya mchoro iliyokuwa imekunjwa, na hapo yumo mama yake, Della. Baadaye inafahamika kwamba Della aliondoka kwa roketi iliyojengwa na Scrooge wakati mapacha wangali mayai, akapatwa na dhoruba angani, na bahili huyo akamwaga mali yake karibu yote akimtafuta, huku Donald akivunja uhusiano naye kwa miaka 10. Nafsi ya hadithi, kwa mtazamo huu, haimo katika sauti wala michoro, na wala haimo katika kumbukumbu za watazamaji, bali katika deni ambalo hadithi imeliacha, na hadithi iliyorejeshwa ni ileile kadiri inavyolitambua deni hilo kuwa lake.

Della mwenyewe anaporudi kutoka mwezini, analeta majina aliyokuwa amewaandalia wanawe, Jet, Turbo na Rebel, na anakuta Donald amekwisha kuwapa majina mengine, nao ni watoto wakubwa wenye silika zao, na anapomrudi Louie kwa kosa lake anagundua kwamba mamlaka ya mama hayapatikani kwa kufika nyumbani tu. Mtu mzima aliyekuwa mtoto mwaka 1987, akiutazama mfululizo huu, kwa kawaida hujiweka upande wa mapacha, kwa kuwa ndio aliokuwa nao zamani. Lakini hali yake ni ya Della, kwa sababu ni yeye aliyeondoka kwa miaka 30, na majina anayorudi nayo ni ya watoto ambao hajawahi kukutana nao.