Je, Ni Haki Kuishusha Sauti ya Mpigaji Simu?

Mtangazaji na mpigaji simu wanapozungumza kwa pamoja redioni, mara nyingi msikilizaji humsikia mmoja tu. Sauti ya mtangazaji hubaki juu, na ya mpigaji hushuka ikawa kama mnong'ono. Wengi wetu hudhani mtandao ni mbovu, kumbe huenda ni mtambo wa studio uliopangwa hivyo. Insha hii inauliza kama mpango huo ni wa haki.

Kwanza tutenganishe kasoro za simu na maamuzi ya binadamu. Simu ya kawaida hupitisha sauti za kati ya hezi 300 na 3,400 hivi, ilhali matangazo ya FM hufika hezi 15,000. Sehemu kubwa ya tofauti kati ya /s/ na /f/ iko juu ya kiwango hicho cha simu. Kwa hiyo anayetaka "kufumbua" jambo anaweza kusikika kana kwamba anataka "kusumbua". Fundi mitambo anaweza kumwinua mpigaji mwenye sauti ndogo, lakini hawezi kurudisha kilichokatwa na simu. Hapo hakuna wa kulaumiwa.

Kushushwa kwa sauti ni jambo jingine. Laini ya simu ya nyaya mbili hubeba kwa pamoja sauti inayokwenda na inayorudi. Studio hutumia kifaa kiitwacho haibridi kuzitenganisha. Haibridi za zamani hazikufanya kazi hiyo kikamilifu, hivyo sauti ya mtangazaji ilirudi ikisikika kama ya mtu anayeongea ndani ya mtungi. Dawa ilikuwa kumshusha mpigaji kila mtangazaji alipofungua kinywa. Haibridi za kidijitali hupunguza sana mwangwi huo, na fundi anaweza kuchagua mpigaji ashushwe kiasi gani. Kilichokuwa lazima sasa ni hiari, na penye hiari pana swali la maadili.

Kwetu Uganda swali hili lina uzito. Mwaka 2009 serikali ilipiga marufuku ebimeeza, yaani mijadala ya redio iliyofanyika mbele ya hadhara. Simu imebaki mojawapo ya njia za mwananchi wa kawaida kumjibu kiongozi papo hapo hewani.

Wapo watakaosema kwamba mtangazaji lazima awe na nguvu zaidi, kwa sababu mpigaji akitukana au akichochea chuki, ni kituo kitakachowajibishwa. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini haihalalishi kushusha sauti. Kwa matusi kuna mtambo wa kuchelewesha matangazo kwa sekunde chache, na kuna kitufe cha kukata simu. Aliyekatwa anajua amekatwa. Aliyeshushwa hajui. Ameshaambiwa apunguze redio yake ili isilete mwangwi, kwa hiyo anaendelea kujieleza akiamini anasikika. Katika wasikilizaji wote, yeye peke yake ndiye asiyejua yaliyompata.

Mwanafalsafa Miranda Fricker, katika kitabu chake cha mwaka 2007 kuhusu dhuluma katika maarifa, anaeleza kwamba mtu hudhulumiwa pale maneno yake yanapopewa uzito mdogo kwa sababu ya dhana potofu za anayemsikiliza. Mtambo hauna dhana potofu. Hata hivyo, matokeo yanafanana: tunaamini mpigaji ameishiwa hoja, wakati hoja aliitoa ila haikutufikia.

Kwa maoni yangu, kushusha kidogo ili maneno yaeleweke kunakubalika, lakini kumzima mtu bila yeye kujua ni udanganyifu. Mtangazaji anayetaka kukatiza aseme waziwazi, "Subiri kidogo, ndugu," kisha amrudishie zamu yake. Bila shaka hilo litamlazimu naye kunyamaza na kusikiliza, hata pale anapojibiwa asivyopenda.