Nasaha kwa Wenye Safu na kwa Wajao kwa Nadra

Mwezi wa Ramadhani uandamapo, misikiti ya mwambao wetu, toka Lamu hata Kilwa, hujaa mpaka barazani, na wakati wa tarawehe wachelewao hutandika misala yao nje. Lakini hazipiti siku nyingi za Mfungo Mosi ila safu zimekwisha pungua, na waliobaki ni wale wale waliokuwapo katika Shaabani. Hawa waliobaki ndio nitakao kuwanasihi kwanza, kwa sababu mwenye kuizoea ibada huweza kupatwa na maradhi asiyoyajua mwenye kuiacha: huanza kuuona msikiti kuwa ni milki yake, na nduguye ajaye mara mbili kwa mwaka humwona kuwa ni mvamizi.

Ewe ndugu uliyejaaliwa kudumu, aingiapo mtu usiyemwona tangu Idi iliyopita, mpishe safuni na umwamkie kama umwamkiavyo jirani uliyekuwa naye jana, wala usimwambie kwamba leo mvua itanyesha. Neno hilo husemwa kwa kicheko, na msemaji hudhani ni mzaha. Lakini mtu mzima aliyeshindana na nafsi yake mwezi mzima ili aje hutoka nalo asirudi tena. Akikosea jambo, mfunze faraghani. Bedui mmoja aliingia msikiti wa Madina akakojoa mle mle ndani, na masahaba walipoinuka kumkemea, Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwazuia mpaka yule mtu akamaliza, kisha akaamuru maji yamwagwe pale. Ikiwa najisi yenyewe ndani ya msikiti ule ilistahimiliwa hivyo, sioni hoja ya kumtolea macho kijana aliyekuja na suruali bila ya kofia.

Hapa petu pia iko ibra. Habib Swaleh, sharifu wa asili ya Ngazija aliyekaa Lamu na kufariki mwaka 1935, aliwafungulia darsa watu ambao baadhi ya wakubwa wa mji hawakuwaona kuwa wa daraja ya kufunzwa, watumwa na wana wao wakiwamo, na katika maulidi akaziruhusu ngoma. Alilaumiwa sana. Hata hivyo Maulidi ya Lamu, yasomwayo Mfungo Sita penye Msikiti wa Riyadha, huwavuta wageni wa pwani nzima, na miongoni mwao hawakosi wasioonekana katika safu miezi mingine.

Tena yatazame maisha ya mtu kabla ya kumhukumu. Mvuvi hufuata maji, na bamvua haingoji adhana. Hamali wa Kilindini hufanya kazi kwa zamu, na zamu ya usiku humrudisha kwake alfajiri akiwa hoi. Sisemi kwamba kazi humwondolea mtu faradhi, kwani sala husaliwa hata juu ya jahazi. Nasema kwamba asiyeonekana msikitini si lazima awe hasali. Na imamu amkumbuke Muadh bin Jabal, aliyewasalisha jamaa zake kwa Suratul Baqara hata mmoja wao, mtu mwenye kazi zake, akajitenga akasali peke yake. Shauri lilipofika kwa Mtume, aliyelaumiwa ni Muadh.

Nawe ujaye kwa nadra, usijitwishe usilolimudu. Sala tano ni faradhi juu yako, na hilo halina mjadala. Lakini katika kuhudhuria jamaa anza na isha peke yake, uishike, kwani bibi Aisha amepokea kwamba amali ipendezayo mno mbele ya Mwenyezi Mungu ni ile idumuyo, ijapokuwa chache.

Linihuzunishalo zaidi ni baraza ya msikiti siku ya maziko. Jeneza limekwisha wekwa mbele ya imamu, safu zimesimama, na nje wamekaa wanaume wakizungumza habari za bei ya karafuu, na baadhi yao ni mashemeji wa marehemu na rafiki zake wa kufa na kuzikana, waliolichukua jeneza mabegani mwao na watakaoingia kaburini kumpokea. Wengi hawazuiwi na kiburi bali na haya, wakichelea kurukuu pasipo na rukuu. Basi na wajue: sala hiyo haina rukuu wala sijda. Ni kutia udhu, kusimama, na takbira nne. Baada ya ya kwanza husomwa Alhamdu, baada ya ya pili husaliwa Mtume, baada ya ya tatu huombewa maiti, na baada ya ya nne ni dua fupi na salamu. Haifiki muda wa kumaliza mazungumzo hayo ya barazani, nayo ndiyo haki ya mwisho ambayo marehemu hawezi kuidai kwa ulimi wake.

Liko pia jambo la wana. Baba wengi wasioonekana msikitini huwapeleka watoto wao chuoni, humlipa mwalimu ada yake bila ya kuchelewa, na jioni hutaka kujua juzuu imefika wapi. Mwalimu asimwulize mtoto mbele ya wenziwe kwamba babake alisali wapi alfajiri. Na mtoto arudipo na sura mpya, baba asione haya kumwambia aisome mara ya pili, polepole, ili naye aifuatishe.